Mtungi wa Mafuta ya Taa

Sisi wa Kisauni, Mombasa, tunajua thamani ya mtungi. Maji ya kisima yana chumvi, ya mfereji huja siku yakitaka, basi maji matamu tunanunua kwa hamali wa mkokoteni, lita 20 kila mtungi. Mwezi uliopita mwanangu alimpa hamali mtungi wa manjano uliokuwa nyuma ya mlango. Ule ulikuwa wa mafuta ya taa. Chai ya jioni ile ilimwagwa yote.

Niliuosha kwa sabuni. Nikatia jivu na ndimu, nikatia changarawe nikatikisa mpaka mabega yakauma. Nikaujaza, nikaulaza usiku kucha. Asubuhi harufu ni ile ile.

Wiki hiyo nilikuwa zamu ya kuongoza maombi ya akina mama kanisani, na somo ni Zaburi ya 51, ile ya mfalme Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea kwa habari ya Bathsheba, mke wa mtu aliyemtwaa. Nimeisoma tangu utotoni. Lakini nikiwa na harufu ya mafuta mikononi niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mstari wa 2 Daudi anaomba aoshwe. Akifika mstari wa 10 hasemi tena nioshe, anasema, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Uniumbie! Ni neno la Mwanzo 1, Mungu alipoziumba mbingu na nchi, na hata katika Kiebrania ni neno lile lile. Mfalme ameona kuosha peke yake hakutoshi. Na ahadi ya kuwafundisha wakosaji njia za Mungu inakuja baadaye, mstari wa 13. Isaya naye hakusema "nitume mimi" kabla ya kaa la moto kumgusa midomo.

Midomo. Hapo ndipo niliposhikwa.

Mama tulimzika Rabai, huko huko Krapf na Rebmann walikoanzisha misheni mwaka 1846. Alijivunia sana kwamba kwao imani si ya jana. Michango ya matanga aliishika wifi yangu. Hesabu ziliponichanganya sikumuuliza. Niliwaambia wenzangu wa chama kwamba amekula pesa za marehemu. Baadaye kaka akanionyesha daftari: gari la maiti, jeneza, mchele, hema, kila shilingi imeandikwa, na zilizopungua wifi alizitoa mfukoni mwake. Nilinyamaza. Mwaka na miezi miwili nimesimama madhabahuni nikiombea ndoa za watu na wagonjwa wa watu, na kila nilipozidi kutumika ndivyo nilivyojiona nimelipa deni. Sikuwa nimelipa chochote. Nilikuwa nikimimina maji matamu ndani ya mtungi ule.

Yesu alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale, ukapatane naye kwanza. Jumamosi nikapanda matatu hadi feri, nikavuka na umati wa Likoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelia mbele za Mungu, sikuwa na maneno mengine ila uniumbie, uniumbie.

Wifi alikuwa anakuna nazi. Nilimwambia yote, hata majina ya wanawake niliowaambia. Hakunijibu upesi. Alimaliza kifuu alichoshika, akasema, "Wifi, nilijua. Nilikuwa nakungoja."

Kisha nikawarudia wale wa chama, mmoja mmoja, na hilo lilinichoma kuliko la Likoni. Mzee wa kanisa nilimwomba ampe mwingine zamu yangu. Kwa sasa nakaa benchi la nyuma, natandika mikeka ya watoto wa Jumapili, nasikiliza.

Jana wifi kanipigia. Watoto wanauliza shangazi anakuja lini. Jumamosi navuka tena, na mtungi mpya nimeshanunua.