Tafakari ya wiki ya Lammas: mkate wa mama aliyefyeka msitu

Wapendwa, salaam kwenu nyote, mlio Uingereza, mlio Ujerumani, na ninyi wachache mlioko nyumbani Afrika Mashariki.

Jumamosi hii ni tarehe 1 Agosti, Lammas, sikukuu ya mavuno ya kwanza kwetu sisi wapagani. Basi ninalopanda alfajiri kwenda kazini, nje kidogo ya Leeds, linapita kando ya shamba la ngano. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiliangalia likigeuka rangi. Kwanza kijani kilichopauka, halafu manjano, na juzi limekuwa na rangi ya mkate wenyewe ulioiva. Jana jioni nikirudi, nusu ya shamba ilishavunwa. Mashine bado inanguruma, vumbi limetanda mpaka barabarani, dereva wa basi akafunga dirisha lake. Mimi nililiacha langu wazi nikavuta ile harufu mpaka tulipopinda kona.

Kwa hiyo wiki hii tukae kwenye unga.

Lammas ni jina lililotoka kwenye Kiingereza cha kale, hlafmæsse, yaani misa ya mkate. Ngano ya kwanza ilivunwa, ikasagwa, mkate ukaokwa na kupelekwa kubarikiwa. Kanisani, ndiyo, na hilo sina sababu ya kulificha. Lakini hebu tuufuate huo mkate baada ya kutoka kanisani. Yako maandishi ya karne ya 11 yanayoelekeza kwamba mkate uliobarikiwa siku ya Lammas umegwe vipande vinne na kufikichwa kwenye pembe nne za ghala, ili nafaka isipate madhara. Na yako mengine ya zama hizo hizo, ya kuponya shamba lililochoka. Haya yanasema chukua unga wa kila aina, oka mkate wenye upana wa kiganja, ukandwe kwa maziwa na maji yaliyobarikiwa, kisha ulazwe chini ya mfuo wa kwanza wa jembe la kukokotwa. Humo humo, katikati ya sala za Kikristo, anaitwa mama wa ardhi, na anaitwa kwa kurudiwa mara tatu, kama mtu anavyobisha hodi.

Mimi huyasoma maandishi hayo nikiona mikono. Mdomo ulikuwa unasali kwa Kilatini, mikono ilikuwa inamlisha mama yake.

Ireland siku hiyo hiyo ni Lughnasadh. Jina hilo hutamkwa Lunasa, na mpaka leo ndilo jina la mwezi wa Agosti kwa Kiairishi. Wengi wetu tunajua ni siku ya Lugh, mungu mwenye ustadi wa kila kazi. Tunalosahau ni kwamba Lugh hakujiwekea siku hii yeye mwenyewe. Aliiweka kwa ajili ya Tailtiu, mama aliyemlea. Simulizi za kale zinasema Tailtiu aliufyeka msitu mkubwa mpaka ukawa uwanda ulio wazi, watu wapate pa kulima na kulisha. Kazi hiyo ikammaliza, moyo ukapasuka. Alipokuwa kitandani kwa mauti akaagiza wamlilie kwa michezo. Pale Teltown, katika wilaya ya Meath, watu walikutana kwa michezo hiyo vizazi kwa vizazi.

Kumbe sikukuu ya mkate wa kwanza ni matanga.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima na bado halijaniachia. Tunapenda kusema mavuno ni shukrani, na ni kweli, lakini shukrani ya Lammas inamshukuru mtu aliyekufa kwa kuchoka. Anayekula mkate huu anakula mgongo wa mtu.

Bibi yangu alilima Muheza. Shamba lake la mahindi na mihogo alilifyeka mwenyewe kwa panga, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjuki tena. Alipokuwa akinikanda maumivu ya tumbo utotoni, ningeweza kuvitambua hivyo viwili nikiwa nimefumba macho. Kila mara mahindi mapya yalipotoka kinuni, kabla hajaupepeta unga, alichota kidogo kwa ncha za vidole akakidondosha pembeni mwa kinu. Nilipomuuliza ni cha nani alisema, "Cha wenyewe." Jumapili alikuwa kanisani, kiti cha mbele. Sikumsikia hata siku moja akieleza zaidi ya hapo, na wala sikuhitaji. Niliielewa ibada muda mrefu kabla ya kujua ina jina.

Ndiyo maana sioni kwamba nilihama dini. Nilipofika huku na kuwakuta watu wanaoweka sikukuu nane za mwaka, nikakuta mwanamke anadondosha unga pembeni. Najua, na nawaambia wazi, kwamba mzunguko wetu wa sikukuu nane kwa mpangilio huu ulikusanywa miaka ya 1950 na kuendelea, na watu kama Gerald Gardner na Ross Nichols, viongozi wa upagani wa kisasa hapa Uingereza. Gurudumu la mwaka, kama tunavyouita mzunguko huo, ni jipya, mbao zake ndizo za kale. Halinipunguzii kitu. Mkate wangu wa Jumamosi nao utakuwa mpya.

Dada yangu mkubwa analiona tofauti. Mwaka jana nilimtumia picha ya mkate wangu wa Lammas, akanipigia simu na kunisomea Yeremia sura ya 7, pale ambapo watoto wanaokota kuni, baba zao wanawasha moto, na wanawake wanakanda unga wamfanyie malkia wa mbinguni mikate. Alikuwa analia. Ananipenda, anaogopa kwa ajili yangu, na sitamjibu kwa ukali hata akinipigia tena wiki hii. Lakini tulipoagana niliifungua Biblia ile ile niliyopewa nilipopata kipaimara, nikausoma mstari ule peke yangu polepole. Nabii aliuandika kwa kukemea. Mimi niliona nyumba. Niliona watoto waliopewa kazi inayowafaa, baba aliyepiga magoti mbele ya moto, mama mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyebaki nje ya ibada ile. Ni familia ngapi leo, za dini yoyote, zinazofanya jambo moja takatifu kwa mikono yao wote pamoja?

Na haikuwa huko peke yake. Mtawa Bede, aliyeishi kaskazini mwa nchi hii na kuandika mwaka 725, anasema Waingereza kabla ya Ukristo waliuita mwezi wa Februari mwezi wa mikate, kwa sababu ya mikate waliyoitolea miungu yao. Hata maneno yao yamebaki na unga. Lady, neno ambalo leo ni la mabibi wakubwa, lilitokana na hlæfdige, mkandaji wa mkate. Lord ni hlafweard, mlinzi wa mkate. Heshima yote hiyo ilianzia kwenye bakuli la kukandia. Nawaambieni hasa ninyi mnaofanya kazi ya usafi na ya kuhudumia wazee kama mimi, mnaorudi nyumbani mkiwa hoi na kudhani ibada ni ya wenye muda. Bakuli mnalo.

Sasa mkate wenyewe. Huku kuna mkate wa mavuno unaofinyangwa kwa umbo la mganda wa ngano, na ndio nitakaooka. Hamira ni kidogo sana, kijiko kidogo kimoja kwa kilo ya unga, kwa sababu unga ukiumuka sana umbo linapotea. Mwaka wa kwanza nililisahau hilo nikaweka hamira kama ya maandazi, mganda wangu ukatoka tanurini umevimba kama mto wa kulalia. Ongeza chumvi, maji ya uvuguvugu, basi. Unga uwe mgumu kidogo. Ukande mpaka uache kukung'ang'ania, na ukiubonyeza kwa kidole urudi wenyewe.

Sehemu moja tandaza kuwa msingi, iwe na shina refu na kichwa kipana kama uyoga. Sehemu nyingine viringisha iwe mabua membamba, thelathini hivi, uyapange yakilala bega kwa bega. Masuke ndiyo kazi. Kila suke ni kibonge kidogo cha unga, refu kama kifundo cha kidole, unalichanja kwa ncha ya mkasi pande zote mpaka punje zisimame. Utachanja masuke mia moja. Usiwashe redio. Kwenye suke la ishirini utachoka, kwenye la hamsini mabega yatauma, na hapo ndipo mimi huanza kutaja majina. Tailtiu. Bibi. Mwanamume aliyekuwa juu ya ile mashine ya kuvuna saa mbili usiku. Mama mmoja ninayemhudumia kazini, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mkate kwa miaka mingi na sasa hakumbuki majina ya watoto wake, lakini ukimpa kipande cha unga mkononi, anaukanda. Vidole vinakumbuka. Nimeviona kwa macho yangu.

Mwisho unafungwa mganda kwa msokoto wa unga katikati, na desturi ni kuweka panya mdogo anayepanda kwenye mabua. Msimwache huyo panya. Watoto humpenda, na pia ni haki yake, maana hakuna ghala ambalo halikuwahi kumlisha. Paka yai, oka kwa moto wa nyuzi 200 kama dakika 20, kisha punguza moto uuache ukauke taratibu.

Asiye na nguvu ya mganda aoke boflo la kawaida tu, lile ambalo angelioka kwa ajili ya chai ya kesho yake. Akifika kwenye kukanda ataje jina moja. Hiyo ni Lammas kamili.

Mwenzetu wa Pwani aliniuliza afanye nini yeye ambaye hana kiangazi cha huku wala ngano shambani. Ndugu yangu, mshike mungu wa udongo unaoukanyaga. Masika yameshapita, mahindi yanavunwa, mpunga mpya uko sokoni. Mkono wa Lammas umekufikia bila hata kuupinda. Loweka mchele mpya, usage na tui la nazi, hiliki na hamira, umimine sufuriani uoke mkate wa kumimina, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Au kama una bahati ya kuwa karibu na mwenye tanuri la udongo, mkate wa mofa wa mtama. Halafu mwite mtu aje kula. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wanapokoga mwaka mwezi wa Julai, kibanda huchomwa, wanaume hupigana kwa migomba, wanawake huimba, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haijisikii vizuri. Ni Waislamu, siwaiti kwa jina letu na wasingependa niwaite. Nawataja kwa sababu ya mgeni. Mkate wa kwanza ukiliwa na aliyeuoka peke yake, naona kama haujaokwa.

Na hilo jina letu, mpagani, tulilotukaniwa wengi wetu, msilionee haya. Kwa Kilatini paganus alikuwa mtu wa kijijini, mtu wa shamba. Bibi yangu asingekataa kuitwa hivyo.

Nina jirani, mama wa Kipakistani, na mjukuu wake wa miaka sita. Panya ni wa huyo mtoto, nimeshamwahidi. Mama nitampelekea nusu ya mganda ukiwa bado na joto. Ameniuliza una nini ndani nikamwambia unga, maji, chumvi, hamira, na yai juu. Akasema, "Basi nitakula." Yuko mtu wa ushirika wangu wa zamani aliyewahi kuukataa mkate huo huo mezani kwangu, akausukuma kwa nyuma ya mkono kama mtu anayesukuma kitu kilichooza. Iliniuma kuliko maneno yote. Jumamosi nitamwekea kipande chake vilevile, kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa.

Mwaka 1769 msafiri Thomas Pennant aliwakuta wachungaji wa milima ya Scotland wakisherehekea siku ya kwanza ya Mei. Kila mmoja alikuwa na mkate wa unga wa oti wenye vinundu tisa. Walielekeza uso motoni, wakavunja kinundu kimoja kimoja na kukirusha nyuma ya bega: hiki nakupa wewe, nilindie farasi wangu, hiki nakupa wewe, nilindie kondoo. Kisha wakawageukia wanyama wanaodhuru: hiki nakupa wewe, mbweha, uwaachie wanakondoo wangu, hiki chako, kunguru, hiki chako, tai.

Nitafanya hivyo Jumamosi asubuhi nyuma ya nyumba, kabla ya kwenda zamu, kwa kile kipande cha shina kisicho na masuke, na nawaomba mlio na dakika tano mfanye nami popote mlipo. Hiki nakupa wewe, Tailtiu, uliyefyeka. Hiki nakupa wewe, Lugh, usiyemsahau mama. Hiki chako, dereva wa mashine, ufike nyumbani salama. Hiki chako, dada yangu, usilie. Hiki chako, uliyeusukuma mkate wangu. Hiki chako, panya. Hiki cha wenyewe, Bibi, nakidondosha pembeni kama ulivyokuwa ukifanya, kwa ncha za vidole.