Kufuata Ribabu Hadi Bonde la Ameln

Mwezi wa nane Wamoroko wa kusini hurudi kwao. Mabasi ya kutoka Casablanca yanajaa hadi mlangoni, magari yenye namba za Ufaransa na Ubelgiji yanapanda milima yakiwa na magodoro na baiskeli juu, na vijiji vilivyobakiwa na wazee na mbuzi mwaka mzima vinaanza kuozesha watoto wao. Nilichagua mwezi huo makusudi. Mimi ni mpiga fidla wa taarab, mtu wa Unguja, na kwa muda mrefu nilikuwa nikisikiliza kwenye simu sauti ya ribabu, fidla ya uzi mmoja ya Waamazigh, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, ambao vitabu vyetu vya shule vinawaita Waberberi. Nilitaka kuiona inavyopigwa mbele ya wenyewe.

Nilianzia Marrakech, uwanja wa Jamaa el-Fna, uwanja ambao UNESCO iliutangaza urithi wa mdomo wa binadamu mwaka 2001. Jioni kuna moshi wa nyama na wauza juisi wanaoitana kwa namba za meza zao. Ukipita hapo, nyuma zaidi, utakuta watu wamezunguka duara, na katikati yake rays ameketi na ribabu gotini. Rays ni mshairi, mwimbaji na kiongozi wa kundi kwa wakati mmoja. Wakiwa wengi huitwa rways. Nilisogea hadi mbele kabisa. Ribabu ni bakuli la mti lililofunikwa ngozi, shingo ndefu, na uzi mmoja mnene wa singa za farasi. Upinde wake umepinda kama wa kurushia mshale. Vidole haviubonyezi uzi chini kama tufanyavyo sisi, vinaugusa tu, na sauti inatoka na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Pembeni kuna lotari, gambusi dogo la shingo ndefu. Mwingine amechuchumaa anagonga kipande cha chuma kwa vyuma viwili vyembamba. Nilidhani ni upatu. Nilipoinama kutazama, ilikuwa ngoma ya breki ya gari, imesuguliwa hadi inang'aa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni sauti zenyewe. Masikio yangu yamelelewa na bashraf za Kairo, zile za ala tupu, yanatafuta bayati, yanatafuta rast, mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, yanangoja ile robo ya sauti inayomfanya mtu aseme "Allah!" Hapa hakuna. Muziki wa Washelhi, Waamazigh wa kusini hii, unakwenda kwa sauti tano tu, na ukiusikiliza umefumba macho utadhani uko Mali kuliko Misri. Rays alianza peke yake na ribabu, taratibu, akizunguka sauti hizo tano bila mdundo. Utangulizi huo wanauita astara. Kisha chuma kikaingia, na kasi ikapanda hadi watu wakaanza kupiga makofi. Mzee mmoja akatoka kwenye duara na kumtunza noti, na rays, bila kukata wimbo, akalitia jina lake ndani ya ubeti. Hapo nilijiona niko nyumbani.

Barabara ya kwenda Ouarzazate inapita Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya bahari, kona juu ya kona, na kila kona ina mtu anayeuza mawe. Dereva alinyoosha mkono upande wa magharibi bila kusema mengi. Huko ndiko tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 lilikoua karibu watu 3,000, wengi wao kwenye vijiji vya udongo ambako Tashelhit, lugha ya Washelhi, ndiyo lugha ya kila siku. Unapozungumza juu ya kuhifadhi utamaduni, mara nyingine ni jambo la kuta na paa kwanza. Ofisi tulizozipita njiani zilikuwa na mabango ya herufi za Tifinagh, zile za miduara na misalaba, ambazo Moroko ilizichagua rasmi mwaka 2003. Nilimwomba dereva anisomee bango moja. Akacheka. Lugha ni yake, alizaliwa nayo, ila kwa simu anaiandika kwa herufi za Kifaransa, na bango hilo kwake ni pambo.

Ouarzazate ni mji wa filamu za watu wengine. Atlas Studios iko hapo tangu 1983, na ukilipa kiingilio unazungushwa kwenye hekalu la Misri la plasta na ua wa kasri ambalo nyuma yake ni mbao na mabomba. Tibet ya Kundun, filamu ya 1997, ilijengwa hapa. Umbali wa nusu saa hivi kwa gari iko Ait Benhaddou, mji wa udongo ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1987, na kuta zake zimekuwa Arabuni katika filamu ya Lawrence of Arabia na Afrika ya Warumi katika Gladiator. Mwenye nyumba nilikolala ameigiza tangu ujana wake, kama nusu ya wanaume wa mtaa ule. Amekuwa askari wa Kirumi, mtumwa, mfanyabiashara wa ngamia na gaidi. Nilimuuliza kama amewahi kuigiza Mshelhi. Akafikiri sana, akasema: "Mara moja, tangazo la mafuta ya argan," mafuta ya mti wa kwao.

Simlaumu mtu, kazi hiyo imelisha familia nyingi, na mafundi wa pale wanajenga Yerusalemu kwa wiki chache. Ila nchi ambayo sura yake imeonekana kwenye sinema za dunia nzima ilingoja sana kujisikia ikisema kwa ulimi wake kwenye kioo. Iliposema, haikusema kwa kamera kubwa za Ouarzazate. Ilisema kwa kanda za video.

Hadithi hiyo niliifuata Inezgane, mji wa soko uliogusana na Agadir. Nilifika baada ya safari ndefu ya basi kupitia Taliouine, mji wa zafarani, na Taroudant, ambayo nitaiacha kwa leo kwa sababu nililala njia nzima. Soko la Inezgane halina mapambo ya kitalii. Kuna viatu, mbolea, majiko ya gesi, na uchochoro ambao zamani ulikuwa wa kanda tu. Sasa maduka mengi yanauza vioo vya simu, lakini moja lilikuwa bado na rafu mbili za VHS na VCD, vifuniko vimepauka: wanaume wenye vilemba wamekodoa macho, wanawake wameshika viuno, punda mmoja.

Mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani ya kufunga kwa uzi, alinieleza biashara ilivyokuwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 watu wa Souss, yaani eneo hili la Agadir, walianza kupiga filamu kwa kamera za video, kwenye vijiji vyao, kwa Tashelhit tupu. Wauza kanda za muziki ndio waliotoa mtaji, kwa hiyo waimbaji na wachekeshaji wakawa waigizaji. Wateja wakubwa walikuwa watu wa Souss waliohama: wenye maduka ya vyakula Casablanca, ambao karibu kila mtaa unawajua, na vibarua wa viwandani Ufaransa. Mtu alinunua kanda akaipeleka kwa mama yake ambaye hajui Kiarabu, na kwa mara ya kwanza mama huyo akatazama filamu bila kumuuliza mtoto "amesema nini?" Aliyekumbuka maduka ya kanda za filamu Kariakoo hatahitaji maelezo zaidi. Baadaye ikaja VCD, ikaja na wezi wa kunakili, filamu ikawa inauzwa barabarani kabla mwenyewe hajarudisha gharama. "Walitumaliza," alisema, akipanga upya rafu ambayo haikuhitaji kupangwa.

Baada ya hapo serikali ilikuja, na si haki kusema haikufanya kitu. Taasisi ya Kifalme ya Utamaduni wa Kiamazigh iliundwa Rabat mwaka 2001; televisheni ya Tamazight, yaani ya lugha za Kiamazigh, ikaanza 2010 na kuwapa kazi watengenezaji ambao wangeshafunga virago; katiba ya 2011 ikaifanya lugha ya Kiamazigh kuwa rasmi. Agadir ina tamasha la muziki la Timitar tangu 2004 na tamasha la filamu za Kiamazigh, Issni N'Ourgh, tangu 2007. Lakini sheria ya kuitekeleza ile ibara ya katiba ilipita mwaka 2019, miaka minane baadaye, na sensa ya 2024 ikasema wanaoongea lugha hizi ni chini kidogo ya robo ya Wamoroko. Watetezi wa lugha wanaipinga hesabu hiyo kwa nguvu. Hata ukiwapa wao haki yote, nadhani hakuna anayedai kwamba watoto wa Casablanca wanaongea kama bibi zao.

Iliyonifahamisha vizuri zaidi tofauti ya karatasi na ulimi ni habari ya Fatima Tabaamrant, ambayo Agadir kila mtu anaihadithia kwa namna yake. Ni raysa, mwimbaji mwanamke mwenye kundi lake, katika fani ambayo wanaume waliimiliki kwa muda mrefu. Alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 2012 akasimama bungeni Rabat akamuuliza waziri wa elimu swali kwa Tashelhit. Katiba ilikuwa inamruhusu tayari. Ukumbini hakukuwa na mkalimani. Kwa siku kadhaa magazeti yalibishana kama alivunja utaratibu au utaratibu ndio uliomvunjia yeye haki.

Tiznit nilikwenda kwa ajili ya marehemu. El Haj Belaid alitoka vijiji vya jirani na mji huu, akazunguka na ribabu yake kwa machifu na masoko, na miaka ya 1930 sauti yake ikaingia kwenye santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Basi hawa wawili, mmoja baharini na mwingine milimani, walipitia mlango uleule karibu wakati mmoja, kila mmoja na lugha ambayo kampuni za santuri zilikuwa hazijaijali. Kwenye mitaa ya wafua fedha bado wanapiga nyimbo za Belaid dukani wakifanya kazi. Nyimbo za rways ni ndefu na zina habari ndani yake, kama tenzi zetu. Tetemeko lililoiangusha Agadir usiku wa tarehe 29 Februari 1960 lilitungiwa shairi na rays aitwaye Ibn Ighil, na wasiosoma gazeti walilijua janga lile kwa ubeti. Miaka ya karibuni Brahim El Mazned, mkurugenzi wa sanaa wa Timitar, amekusanya wazee wa fani hii na kuwarekodi upya katika mkusanyiko wa CD kumi. Niliushika mkononi: kitabu kizuri, kizito. Rays mmoja kijana aliyekuwa dukani akaniambia wazi kwamba anaupenda, na kwamba yeye anaishi kwa harusi.

Kwa hiyo nikaenda harusini. Mwenyeji wangu, fundi wa fedha, ana nduguye bonde la Ameln, karibu na Tafraout, chini ya milima ya mawe ya rangi ya waridi. Watu wa bonde hili ndio wenye maduka hasa, nyumba zao kubwa zimejengwa kwa faida ya sukari na mafuta ya kupikia iliyouzwa Casablanca, na kumi na moja kati ya miezi kumi na miwili zimefungwa kufuli. Mchana, kabla ya sherehe, bibi wa nyumba aliwekewa filamu moja ya zamani kutoka YouTube kwenye televisheni ya ukutani. Picha ilikuwa imepauka na chini yake namba ya simu ya mwuzaji wa kanda inapita. Ilikuwa kisa cha mkwe na mama mkwe. Bibi alikuwa anayasema maneno kabla ya waigizaji, na wajukuu waliozaliwa Lyon walikaa miguuni pake wakimtazama yeye badala ya kioo, wakicheka alipocheka.

Usiku waliwasha moto uani, si wa kupasha joto. Wanaume walizisogeza ngoma zao, ambazo kwetu tungeziita madufu makubwa, wakazigeuza mbele ya ndimi za moto hadi ngozi ikakaza, wakazijaribu kwa kidole, wakazirudisha. Hakuna maikrofoni. Wanawake walijipanga bega kwa bega, fedha vichwani na vifuani, na mshairi mmoja akatoka mbele akaimba ubeti bila ngoma. Upande wa pili mwingine akamjibu. Ahwash, ndilo jina la ngoma hii, inakwenda hivyo: wawili wanachokozana kwa mashairi ya papo hapo, kundi linaubeba mstari, ngoma zinaingia, na mabega ya wanawake yanakwenda juu na chini kwa pamoja, kidogo tu. Mwenyeji alinitafsiria sikioni. Wa kwanza alilalamikia barabara. Wa pili akamwambia barabara ikija atahamia nayo Casablanca. Kelele za vicheko zilizidi ngoma.

Mtu akakumbuka kwamba mgeni ana fidla. Niliitoa, nikaitafuta ile sauti yao, nikawafuata kwa chini, nikijizuia vidole visiingie bayati. Mshairi wa kwanza hakuniachia nipite bure. Akanitungia ubeti, uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, nami nikawa wa mwisho kupewa maana: huyu kaja na nyuzi nne, na zetu moja inamtosha mwerevu. Nikamtunza dirham hamsini. Akanirudishia ubeti mwingine, wa heshima zaidi, wenye neno "Zanjibar" ndani yake.

Vijana walirekodi yote kwa simu. Asubuhi, tukinywa chai na mkate wa mafuta ya argan, mpwa wa mwenyeji akanionyesha video tayari iko mtandaoni. Maoni yalikuwa ya Tashelhit kwa herufi za Kilatini, na moja la mtu mwenye duka Casablanca alinisomea mara mbili: binti yake anaolewa mwezi ujao, anataka kujua yule mweusi wa fidla analipwa kiasi gani, na kama chakula na nauli ni juu yake mwenyewe.