Umeuacha, hukuupoteza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa kidogo mnisamehe, na kiukweli imechelewa kwa sababu neno lenyewe lilinikamata mimi kwanza kabla sijafika kwenu.

Ilikuwa hivi, nilifungua Ufunuo 2 nikitafuta kitu cha kuwaletea. Nikasoma kuhusu kanisa la Efeso, nikachukua kalamu nikaanza kuandika pointi, hii itamfaa fulani, hii ni ya wanakwaya, hii nitaiweka mwishoni. Nikafika mstari wa 4, "Lakini nina neno juu yako, ya kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza", nikaandika hiyo nayo, kama pointi namba nne. Ndo nikashtuka. Yaani nasoma maneno ya Yesu mwenyewe anamwambia mtu umeniacha na mimi nayapangia namba! Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nimefungua Biblia bila kuwa na mtu kichwani wa kumpelekea. Sikukumbuka.

Sasa tuwaangalie hao Waefeso maana tukiwasema tu juu juu tunawaonea. Lilikuwa kanisa zuri jamani. Yesu anawasifia kwanza, matendo yao, taabu yao, subira yao, hawavumilii watu wabaya, wamewapima wanaojiita mitume wakawakuta waongo, wamestahimili kwa ajili ya jina lake wala hawakuchoka. Mtu wa namna hiyo leo tungempa uzee wa kanisa kesho yake asubuhi. Hakuna uzinzi uliotajwa pale, hakuna wizi, hakuna mafundisho potofu, na bado anaambiwa nina neno juu yako. Hii ndo inanitisha mimi, kwamba unaweza kuwa bize na mambo ya Mungu kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili na Mungu mwenyewe ukawa umemuacha nyuma huko, na asijue mtu yeyote, maana ratiba imejaa na huduma inaenda.

Na angalia neno lililotumika. Hajasema umeupoteza, amesema umeuacha. Kupoteza ni bahati mbaya, funguo zinadondoka njiani hata hujui saa ngapi, ila kuacha unaacha mwenyewe, unaweka kitu chini ushike kingine. Sisi tukipoa tunapenda kusema "siku hizi sijisikii kama zamani", kana kwamba upendo ni homa iliyoshuka yenyewe. Hapana. Kuna siku niliweka chini dakika za asubuhi nikashika simu, nikasema nitajibu meseji moja tu tena ya mambo ya kanisa, kesho yake mbili, na leo hata sijui ni lini ile saa iliacha kuwa ya Mungu ikawa ya ratiba.

Dawa anayoitoa Bwana nayo sio ile tuliyozoea. Hasemi jisikie upya. Anasema kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza. Matendo! Nikajiuliza matendo ya kwanza ya Efeso yalikuwa yapi, nikarudi Matendo ya Mitume 19, na pale mstari wa 19 wengi waliokuwa wanatumia uganga walikusanya vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, wakahesabu thamani yake wakaona ni fedha 50,000. Wataalamu wengi wanasema kipande kimoja cha fedha kilikuwa kama mshahara wa siku moja wa kibarua, sasa piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya jasho iliyogeuka majivu siku ile. Hakuna aliyesema tuviuze kwanza hela tujengee kanisa, ambayo mimi nadhani ningeisema, na ningepata wa kuniunga mkono. Upendo wa kwanza haukuwa na hesabu. Tena Paulo alipowaandikia barua, mstari wa mwisho kabisa aliwaombea neema "wote wampendao Bwana wetu Yesu Kristo katika hali ya kutokuharibika". Kama vile alishaona hatari iko upande gani.

Niseme kitu hapa, maana hili la Mungu kwanza wengine tunalitumia vibaya sana. Mtu anakaa kwenye maombi wiki nzima na nyumbani hasalimii, mzazi anaumwa hapigi hata simu, ukimuuliza anakwambia mimi nimemtanguliza Mungu. Huo mchezo Yesu aliujua, ndo ile Korbani ya Marko 7, mtu anamwambia baba yake kile ambacho kingekusaidia nimekiweka wakfu kwa Mungu, na Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Yohana naye hana mzunguko, mtu akisema nampenda Mungu naye anamchukia ndugu yake ni mwongo. Kwa hiyo kumweka Mungu kwanza sio kuwapunguzia watu wako ili yeye apate. Mimi kwa uzoefu wangu siku ninazokuwa mkali nyumbani ndo zile zile ambazo sikukaa na Mungu, hata kama nilihubiri.

Kuna wanaosema Efeso haikutubu, ushahidi ni magofu yaliyopo Uturuki leo. Mimi naona tusikimbilie hapo, mji ulikufa kwa sababu nyingi, mto ulijaza tope bandari na biashara ikahama. Na miaka michache baada ya Ufunuo, Ignatius, askofu wa Antiokia, akiwa anapelekwa Roma kuuawa aliwaandikia Waefeso barua na aliwasifia sana. Inawezekana walisikia. Napenda kuamini kuna mzee mmoja pale, mchapakazi, mpimaji wa mitume wa uongo, alisikia ile barua ya Ufunuo 2 ikisomwa akaenda nyumbani akakaa kimya mbele za Mungu bila ajenda.

Mimi nimejaribu wiki hii. Nimechukua Zaburi ya 63, bila kalamu, bila daftari, simu nimeiacha chumba kingine. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu jamani, sikujua niseme nini, nimezoea kuomba kwa sauti watu wakiitikia amina, sasa nikiwa peke yangu maneno yakaisha dakika ya tatu nikabaki nasikiliza saa ya ukutani. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nikafika pale panaposema "fadhili zako ni njema kuliko uhai", na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kikanigusa, machozi yakaja, na nisiwafiche, hapo hapo mkono ukaanza kutafuta simu niwatumie huo mstari.

Sikuifuata simu. Nilibaki nao mpaka jua likapanda, na kilichofuata hapo siwaandikii.