Shem, kurudi nitasema nini?

Watu wakiongelea korona wanakumbuka barakoa na kunawa mikono, mi nakumbuka saa moja jioni. Mwezi wa sita 2021 kaunti 13 za upande wetu, Kisumu ikiwemo, ziliekewa kafyu yao ya saa moja hadi saa kumi alfajiri, Nairobi wao wanatembea hadi saa nne usiku, na mi tumbo limefika karibu na kidevu.

Hata kliniki nilikua nimeanza kwa kuchelewa juu Desemba 2020 manesi walikua mgomoni, unaenda unapata geti na askari tu.

Sasa ati mwenye leba anaruhusiwa kupita. Sawa, mi nitapita, nina tumbo na kitabu cha kliniki. Lakini anayenibeba ni jamaa wa boda, na tulipomuuliza mapema akamwangalia bwanangu akaniangalia mimi, akasema, "Shem, kwenda si shida. Kurudi nitasema nini?" Hakua mwoga, ni vile kila mtu Nyalenda, mtaa wetu wa Kisumu, alikua anajua mtu wa boda akipatikana peke yake usiku ni rungu, ama pikipiki inalala kituoni hadi utoe kitu kidogo.

Ndio maana wamama wengine walienda kwa nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, na mi siwezi kuwalaumu hata kidogo, wacha wale wa kusema ni ujinga waseme. Kujifungua hospitali ya serikali ilikua bure, mpango wa serikali wa Linda Mama ulikua unalipa, lakini Linda Mama haikua inalipa boda wa saa nane usiku.

Na leba yangu bila shaka ikaja saa nane. Tulienda kitabu nimekishikilia kifuani kaa kitambulisho, kwa kizuizi askari akamulika tochi kwa kitabu, kwa tumbo, kwa kitabu tena (kwani alidhani ni mto nimeweka?) halafu akatuachilia.

Ndani hakuna kuingia na mtu wako. Mama mkwe alikua anaacha uji kwa askari wa geti, thamosi imebandikwa plasta yenye jina, na siku ya kwanza nikaletewa ya mtu mwingine, nikakunywa yote, njaa ya kuzaa haisomi majina. Kusukuma mtoto na barakoa sitamtakia mtu. Nesi mwenyewe ndiye aliivuta hadi kidevuni, akaniambia, "Pumua mama, ukimaliza utairudisha." Huyo Mungu ambariki.

Kesho yake ndio nikaambiwa jamaa wa boda alilala kwa benchi nje ya geti hadi kukuche, mvua ikimnyeshea, akaenda kazi hivyo hivyo. Na inaniuma hadi leo juu hospitali ingempigia tu karatasi muhuri ya kurudi nyumbani, na muhuri walikua nao, si walinipigia kwa kitabu usiku huo huo.