Aprili ya Waskoti: Kutoka Arbroath hadi Culloden

Aprili ina tarehe mbili ambazo Waskoti hawazisahau: tarehe 6, ya barua ya Arbroath ya mwaka 1320, na tarehe 16, ya mapigano ya Culloden ya 1746. Mwezi ulipoingia nikapanda treni Edinburgh kuzifuata zote.

Treni ilivuka daraja la Forth, lile la chuma jekundu la mwaka 1890, kisha ikaambaa na bahari hadi Arbroath. Abasia ni magofu ya mawe mekundu. Humo ndimo ilimotoka barua ya Kilatini kwa Papa Yohane XXII, wakuu wa Uskoti wakiapa kwamba maadamu watu mia moja kati yao wangali hai, hawatakuwa chini ya Waingereza. Mjini nikala samaki wa moshi, angali wa moto, mafuta yakinichuruzika vidoleni. Mtamu ajabu.

Nikapitia Aberdeen hadi Inverness, na Jumamosi ya kumbukumbu nikawa Culloden.

Uwanja wenyewe ni nyika tambarare ya matope. Usiku wa kuamkia vita, watu wa Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyeasi ili kurudisha kiti cha enzi kwa ukoo wake, walitembea kwenda Nairn kuvamia kambi ya Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George II na kamanda wa jeshi la serikali, aliyekuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Kukakaribia kucha kabla hawajafika, wakarudi na njaa na uchovu. Mchana wakapangwa mbele ya mizinga. Haikupita saa moja, kwisha. Inakadiriwa 1,500 hivi wa upande wao waliuawa au kujeruhiwa.

Bendera za buluu zinaonyesha walikosimama watu wa Charles, nyekundu walikosimama askari wa serikali. Nilitembea kutoka buluu kwenda nyekundu, viatu vikididimia, upepo wa mbele ukinirudisha. Mimi sikuwa nalengwa na mtu, na bado nilihema.

Kwenye makaburi ya halaiki kuna mawe ya koo yaliyowekwa 1881. Jiwe moja halina ukoo hata mmoja. Limeandikwa tu kwamba hapo wamelala watu wa koo mchanganyiko. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko kwingine.

Sala zilisomwa kwa Kigaeli, mashada yakawekwa, na wanaume wengi walivaa kilt, sketi ya kiume ya Kiskoti, vazi lililopigwa marufuku baada ya kushindwa huku, hadi 1782. Wengi husimulia Culloden kama vita vya Waskoti na Waingereza. Nawapinga: katika jeshi la Cumberland walikuwamo Waskoti pia, na baadhi ya koo ziligawanyika, ndugu huku na ndugu kule.