Kabla hujamwachia mtoto ufunguo

Shule zikifunga mwezi wa sita, na dada wa kazi naye akaaga kwenda kwao, swali linakuja lenyewe: huyu wa miaka kumi anaweza kubaki peke yake mpaka saa nane mchana? Wengi wetu tunajibu kwa kuhesabu miaka. Sheria haisaidii sana hapo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto asitelekezwe wala kuwekwa hatarini, lakini haitaji umri wa kubaki peke yake. Hata Uingereza umri huo haumo kisheria. Kwa maoni yangu, chini ya miaka tisa usianze kabisa. Kuanzia hapo, mpime mtoto mwenyewe, na kipimo cha kwanza ni mlango.

Mazoea ya mjini ni kumfungia kwa kufuli la nje ili asizurure. Madirisha yana nondo, mlango wa nyuma una komeo lililoshika kutu, na funguo ziko kwenye pochi ya mama Kariakoo. Moto ukitokea, hata jirani mwenye moyo hana la kufanya ila kutafuta nyundo. Kwa hiyo kama huwezi kumwamini na ufunguo, hajafikia kubaki peke yake. Mpeleke kwa bibi au ushinde naye dukani.

Jaribu hivi. Usiku, zima swichi kuu ya umeme, kisha mwambie atoke chumbani hadi nje ya geti bila msaada. Hapo ndipo utajua kwamba kitasa hakizunguki mpaka uvute mlango kwanza, kwamba komeo la juu halifikii, na kwamba kufuli la geti linataka nguvu ya mtu mzima. Wewe umeshazoea, huoni tena kama ni tatizo. Tia kitasa mafuta ya cherehani, mwite fundi ashushe komeo, kufuli gumu libadilishe. Kisha rudieni zoezi mpaka alifanye bila kupapasa.

Ufunguo wa ndani uwe na msumari wake mmoja, siku zote, kwenye kimo cha mkono wake. Usiutundike karibu na dirisha, maana vibaka huvua funguo kwa mti kupitia kwenye nondo. Wa akiba akae kwa jirani. Na ule wa kumvalisha shingoni kwa kamba akitoka shule uache: kila anayemwona njiani anajua kwamba nyumbani hakuna mtu.

Jikoni si pa kubishania. Kabla hujatoka, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye vitufe vya jiko tu. Chakula kiwe kwenye hotipoti, chai kwenye chupa. Jiko la mkaa asiliguse, hata mvua ikinyesha, kwa sababu akiliingiza ndani hewa yake ya sumu haina harufu ya kumshtua. Gesi ya mtungi ina harufu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Akiisikia asiwashe wala kuzima taa. Afungue mlango, atoke, amwite mtu mzima. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, basi. Dawa ya meno, asali na yai vibaki kwenye kazi zake. Mafuta ya taa uliyoweka kwenye chupa ya soda yahamishe leo.

Umeme ukikatika, tochi, si mshumaa.

Watu wa mlangoni ndio wanaotaka mazoezi mengi. Msoma mita wa maji, bodaboda mwenye mzigo, fundi "aliyetumwa na baba": wote jibu ni moja, mlango ukiwa umefungwa: "Mama anaoga, rudi baadaye." Asiseme yuko peke yake, hata kwa simu. Anayedai ametumwa kumchukua aulizwe neno la siri mlilokubaliana. Hana, haondoki naye.

Sasa sehemu ambayo wazazi tunaikwepa kwa aibu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wanaofanya hivyo mara nyingi wanafahamika na familia. Kwa hiyo agizo la "usimfungulie usiyemjua" halitoshi. Mpe majina mawili au matatu ya wanaoruhusiwa kuingia ukiwa haupo. Anko ambaye hayumo kwenye orodha asubiri nje, na ukirudi umtetee mtoto mbele yake, la sivyo kesho atafungua.

Simu ya kitochi inatosha, ikiwa na chaji na salio. Namba yako aijue kwa kichwa. Nyingine ziandike kwa maka pembeni ya mlango: 112 polisi, 114 zimamoto, 116 huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hata Kenya ni hiyo hiyo. Mfundishe pia kuelekeza: jina la mtaa, namba iliyo kwenye kibao cha anwani kama mnacho, na alama inayojulikana, msikiti au sheli. Watoto wengi wanajua kufika kwao lakini hawawezi kumwelekeza mtu.

Anza na dakika 15 za kwenda dukani, mchana. Kisha nusu saa, saa moja, saa mbili, na usipande hatua kabla ya kurudia ile iliyopita mara kadhaa. Mtume rafiki yako asiyemjua akabishe hodi. Ukirudi usiulize "uliogopa?" maana atasema hapana, uliza nani alikuja na alimjibu nini. Akikwambia mwenyewe kwamba kavunja glasi, ni dalili nzuri. Ukikuta amejifungia chumbani na televisheni iko juu kabisa, rudi kwenye dakika 15.

Mdogo wake usimwachie. Wa miaka 11 anaweza kujitunza mwenyewe, si kumlinda wa miaka miwili penye ndoo ya maji. Mtoto wa umri huo huzama kwenye maji machache mno. Walau afike 14, na kwa muda mfupi.

Na jirani usimtegemee kimoyomoyo. Mwendee siku moja kabla, muulize kama atashinda nyumbani kesho, mwambie unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Akisema ana msiba Kibaha, mtoto haachwi siku hiyo.