Dakika moja ya siki

Binti yangu amerudi shuleni na karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, sindano ya begani. Akaisoma huku anakula, kisha akaniuliza, "Mama, na wewe ulichanjwa?" Nikamwambia enzi zetu haikuwepo. Hapa Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Akaridhika, akamalizia wali wake. Mimi chakula kikanishinda.

Maana mimi nilipimwa saratani hiyo. Ilikuwa baada ya arobaini ya Mama Mkubwa. Yeye damu ilianza kumtoka wakati hedhi ilishakoma zamani, akanyamaza kwa aibu, akanywa mizizi. Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani, mionzi aliyopewa ilikuwa ya kumpunguzia maumivu tu. Tukamzika, na tangu hapo kila kiuno kikiniuma, usingizi ulikuwa unaruka.

Kituo cha afya walikuwa wanapima bure. Nesi alitueleza pale kwenye benchi kwamba wanapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye shida hugeuka nyeupe. Hakuna kukatwa, hakuna majibu ya kufuata wiki ijayo.

Nikapanda kitandani na kanga yangu. Kile kifaa wanachokiita mdomo wa bata kilikuwa cha baridi mno. "Legeza mapaja, dada. Vuta pumzi." Akachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, na chumba kizima kikanuka kachumbari. "Sasa tunasubiri dakika moja." Akavuta taa karibu. Kwa pale nilipolala sikuona kitu ila paji lake la uso, na nikaling'ang'ania hilo. Lilikuwa limetulia. Kisha likakunjamana kidogo, katikati ya nyusi. Nje kuna mtoto alikuwa analia, mama yake anambembeleza. Nikamwona Mama Mkubwa, zile kanga zake tulizokuwa tunafua usiku ili majirani wasione.

"Sista, kuna nini?"

"Subiri kwanza, dada yangu." Akamwita mwenzake. Wakainama wote wawili. "Pana weupe hapa," akasema, sasa ananiambia mimi, ananitazama usoni. "Si saratani. Ni mabadiliko ya awali. Yakiachwa, baada ya miaka mingi, kumi na zaidi, yanaweza kuwa saratani. Tunaweza kuyatibu leo hii."

Wakaigandisha sehemu ile kwa baridi kali: dakika tatu, mapumziko ya dakika tano, kisha tatu tena. Maumivu yalikuwa ya tumbo la hedhi. Nikatokwa na maji kwa wiki kadhaa, baba watoto akaambiwa avumilie mwezi mzima, akavumilia. Nilirudi baada ya mwaka, pakawa safi.

Watu wakinisikia husema Mungu aliniokoa, nami nasema amina. Lakini nesi yule yule aliniambia, nilipombana kwa maswali, kwamba si kila weupe huishia kuwa saratani. Mwingine mwili huuondoa wenyewe. Wangu ungefuata njia ipi? Hakuna wa kunijibu, wala kipimo cha kurudisha nyuma. Hata hivyo, ningeulizwa leo, ningelala tena pale pale.

Mdogo wangu ndiye simwezi. Ameshapita miaka thelathini, amemuuguza Mama Mkubwa kwa mikono yake, na hataki kusikia. "Dada, mimi siumwi. Wakiniambia pana weupe, nitalala vipi?" Nimemjibu kwamba Mama Mkubwa naye alikuwa anasema haumwi. Akalia, nikajuta kumliza, tukabadilisha mazungumzo.

Jumamosi nakwenda kwake tena. Safari hii sitamtaja marehemu. Nitamwambia tu nitamsindikiza, na kama atakataa, nitakaa tupike, halafu nitamuuliza tena mwezi ujao.